Ndege za kivita za zamani: kwa nini kuzitua ni mtihani, na kwa nini tusizialike Unguja kwa pupa

FundiWaKisauni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye haraka ausome usiku akitulia.

Siku hizi vijana wetu wengi wanaangalia video za Spitfire na Mustang, ndege za propela za Vita vya Pili vya Dunia, na jeti za enzi za vita baridi, na kila mara inarudi hoja ile ile: kwa nini na sisi tusiandae maonyesho ya ndege, zipite chini chini mbele ya Forodhani, halafu zikatue kiwanja cha Abeid Amani Karume? Utalii utapanda, watoto watapenda urubani. Nia ni njema, na mimi mwenyewe ndege hizo nazipenda mno. Nimeishi kwa ufundi wa ndege, na mngurumo wa Merlin, injini ya Spitfire, hata kwenye simu unanisisimua mwili. Lakini wanaoshabikia wanazungumzia kuruka tu. Naomba tuzungumzie kutua.

Bawa hubeba ndege kwa mambo mawili makubwa: ukubwa wake na kasi ya hewa inayolipitia. Mhandisi anayetaka ndege ikimbie mara mbili ya mwendo wa sauti hulikata bawa liwe dogo na jembamba, maana bawa kubwa linaburura. Deni la uamuzi huo hulipwa wakati wa kutua. Bawa dogo halibebi kitu kwenye mwendo wa pole, kwa hivyo rubani hana budi ashuke mbio.

F-104 Starfighter, jeti ya kivita ya kampuni ya Lockheed ya Marekani, inaonyesha jambo hili waziwazi. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha hayafiki mita 7, wakati mwili wake una urefu wa zaidi ya mita 16. Makali ya mbele ya bawa ni membamba hata ndege ikiwa chini mafundi waliyavisha vifuniko wasije wakajikata. Ilitua kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na hapo imeshasaidiwa: hewa ya moto ilichukuliwa kwenye injini ikapulizwa juu ya vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa ili bawa liendelee kubeba. Sasa fikirini injini izimike ukiwa karibu na ardhi. Msukumo unaondoka, na sehemu kubwa ya ubebaji wa bawa inaondoka nao papo hapo.

Ujerumani Magharibi ilichukua Starfighter 916. Ikapoteza 292, na marubani 116 wakafa. Si zote zilianguka zikitua. Nyingi zilipotea zikiruka chini kwenye hali mbaya ya hewa, kazi ambayo ndege ile haikubuniwa kwa ajili yake. Erich Hartmann, rubani aliyetungua ndege nyingi kuliko yeyote katika historia ya vita (352), alipinga ununuzi huo waziwazi akiiona ndege si salama. Hawakumsikiliza.

Na hao walikuwa vijana wa jeshi, wanaruka kila mara, ndege mpya kutoka kiwandani, ghala limejaa vipuri. Leo ndege za namna hiyo zina umri wa miaka 60 na kwenda mbele, mwenye nayo ni tajiri mmoja au kikundi cha wapenzi, na rubani wake huenda akairusha saa chache tu kwa mwaka.

MwanaWete

Wa alaykum salaam fundi. Maelezo yamekaa vizuri, ila kuna kitu kinanitatiza. Njia ya kurukia ya Unguja ina mita 3,022, madege makubwa kutoka Ulaya yanatua na kuondoka. Kindege cha mtu mmoja kitashindwa vipi? Na sisi Pemba tusahau kabisa?

FundiWaKisauni

Urefu ni neema, lakini tuangalie kinachosimamisha ndege.

Dege la abiria linagusa ardhi kwa kilomita kama 250 kwa saa. Lina magurudumu mengi, breki zinazojizuia zenyewe zisifunge tairi, na injini zinazogeuza msukumo kuelekea mbele. Jeti ya miaka ya 1950 ina tairi nyembamba zilizojazwa upepo mkali, breki za kizamani, na nyingine zina mwavuli wa mkiani ambao ukikataa kufunguka unabaki na breki peke yake. Nishati ya kitu kinachokwenda hupanda kwa mraba wa kasi. Caravan zetu hizi za kwenda Dar zinagusa kwa kilomita 130 na ushei. Ikija ndege kwa 310, kila kilo yake imebeba nishati mara tano na zaidi, na yote lazima iishie kwenye breki, mwavuli na lami.

Halafu kuna masika. Lami ikishika maji, tairi inayokwenda mbio hupanda juu ya maji badala ya kuyakata, na hapo breki ni pambo. Marubani wanafundishwa hesabu yake: chukua upepo wa tairi kwa paundi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, utapata mwendo ambao tairi huanza kuelea, kwa maili za baharini kwa saa. Tairi ya paundi 100 inaelea kwa 90, kama kilomita 167 kwa saa. Hata ukiijaza mpaka 225 unafika 135, yaani kilomita 250 kwa saa. Jeti yetu bado iko juu ya hapo, na njia inakwisha.

Pemba, njia ya Chake ni mita 1,500 hivi. Kwa jeti ya aina hiyo hapana mjadala.

MwanaWete

Rubani akiona anapungukiwa, si aongeze moto azunguke upya? Ndivyo wanavyofanya hawa wa kila siku.

FundiWaKisauni

Hapo ndipo marubani wengi walipofia, kaka.

Injini za jeti za mwanzo ni nzito kuamka. Ukiishusha chini kabisa kisha ukasukuma mkono wa moto mpaka mwisho, inaweza kuchukua sekunde nane, kumi, au zaidi kabla haijatoa nguvu kamili. Ukiisukuma kwa ghafla, nyingine zinajaa mafuta na kuzimika, au zinaungua ndani. Kwa hivyo uamuzi wa kuzunguka upya unatakiwa ufanywe mapema, wakati bado kila kitu kinaonekana shwari. Rubani aliyezoea ndege za kisasa anachelewa bila ya kujua kwamba amechelewa.

Lipo jengine baya zaidi. Mabawa yaliyolazwa nyuma, au ya pembetatu kama ya MiG-21, yakipungua mwendo huhitaji pua inyanyuliwe sana. Kila unavyonyanyua pua, mburuzo wa hewa unazidi, na unafika mahali ambapo kwenda taratibu kunataka nguvu nyingi kuliko kwenda mbio. Ukinaswa humo karibu na ardhi, njia ya kutoka ni kushusha pua ili upate kasi, na kushusha pua kunataka urefu wa kwenda chini ambao huna. Januari 1956, kituo cha Edwards kule California, F-100 Super Sabre ilinaswa hivyo mbele ya kamera ikija kutua. Picha zake zipo mpaka leo: pua imenyanyuka juu, injini inatoa moto wake wote, ndege inayumba kushoto na kulia juu ya njia, haipandi wala haitui, kisha inalala ubavu na kuripuka. Rubani alikufa. Kijana yeyote anayetaka kuzungumzia jeti za zamani aitazame filamu ile kwanza.

BintiJangombe

Fundi, shikamoo. Tuziache jeti basi. Spitfire na Mustang ni za propela na nimesoma zinatua taratibu tu. Hizo nazo zina ubaya gani?

FundiWaKisauni

Marahaba mwanangu. Ni kweli, mwendo wake wa kutua ni wa kibinadamu. Hatari yake ni ya namna nyengine.

Mustang P-51D ina injini ya nguvu za farasi karibu 1,500 na propela yenye upana wa mita 3.4. Inaposhuka, injini imepunguzwa na ndege inakwenda pole. Rubani akiona mambo hayakukaa sawa akasukuma moto wote kwa mkupuo, propela inazunguka upande mmoja na mwili wa ndege unataka kuzunguka upande wa pili. Kwenye mwendo mdogo vibawa vya pembeni havina hewa ya kutosha kuzuia. Bawa la kushoto linadondoka, ndege inapinduka, na iko mita chache tu juu ya ardhi. Moto unatakiwa uongezwe kidogo kidogo huku mguu wa kulia ukikaza usukani. Ni rahisi kuandika. Kufanya hivyo ukiwa umeshtuka ni kitu chengine.

Halafu pua. Ndege hizi zina gurudumu dogo mkiani, kwa hivyo zikiwa chini pua inaangalia mbinguni na rubani haoni mbele kabisa. Wa Spitfire hutembea zigizaga kwenye maegesho achungulie pembeni, na anapokuja kutua huja kwa kupinda ili aione njia mpaka sekunde za mwisho. Miguu yake ya mbele imekaribiana, na uzito wa ndege uko nyuma ya miguu hiyo. Ni kama kurudisha nyuma gari yenye tela: ikianza kupinda kidogo, uzito wenyewe unaizidishia kupinda, na usipowahi inazunguka, ncha ya bawa inakwangua chini na mguu unavunjika.

Sasa tazama njia yetu. Imelala kaskazini na kusini. Kusi likivuma huja karibu na usawa wa njia, afadhali. Kaskazi kati ya Disemba na Februari hutoka kaskazini mashariki, linaipiga ndege kwa mshazari kutoka kulia. Na msimu huo ndio wa wageni wengi, ndio ambao waandaaji wangeutaka.

Na joto. Spitfire hupozwa kwa maji na vipoza joto vyake viko chini ya mabawa. Ikikaa chini injini inawaka bila ya upepo wa kutosha, maji yanachemka. Uingereza tu rubani anahimizwa asichelewe kuondoka. Kwetu, saa nane mchana, akisubirishwa ndege mbili za abiria zitue kwanza, ataizima au ataiharibu.

AbuKhamis

Fundi nakuheshimu, lakini naona unatutisha. Uingereza na Marekani ndege hizi zinaruka kila kiangazi, maelfu ya watu wanaangalia na watoto wao. Marubani wake ni watu wazima, wana leseni, wanajua wanachofanya. Kila kitu kina hatari, hata boti ya kwenda Dar. Tukiogopa hivi hatutafanya lolote Zanzibar.

FundiWaKisauni

AbuKhamis, hoja yako ni ya haki na nitaijibu kwa heshima. Rubani ana haki ya kujihatarisha mwenyewe. Mimi nazungumzia walio chini.

Tarehe 22 Agosti 2015, Shoreham, kusini mwa Uingereza. Hawker Hunter, jeti iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1951, iko kwenye maonyesho. Rubani ni mzoefu. Anaanza mzunguko wa kwenda juu na kurudi chini. Wachunguzi walikuja kuonyesha kwamba aliuanza akiwa na mwendo mdogo kuliko uliotakiwa, na injini haikutoa msukumo wa kutosha wakati wa kupanda. Kileleni alitakiwa awe na futi 3,500 angalau. Alikuwa na 2,700 hivi. Pale juu bado palikuwa na nafasi ya kuuvunja mzunguko na kutoka. Hakutoka. Ndege ikashuka, pua ikaanza kunyanyuka, lakini ardhi ikawahi. Iliangukia barabara kuu ya A27. Watu 11 walikufa, wote walikuwa nje ya kiwanja: mwenye gari lake, mwenye baiskeli, waliosimama kando ya barabara. Rubani alinusurika, na mwaka 2019 mahakama ikamwona hana hatia. Simhukumu. Ninachosema ni kwamba wengine katika waliokufa walikuwa wanapita njia tu, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali hatari ile.

Rudi nyuma, Sacramento, California, tarehe 24 Septemba 1972. Jeti ya Sabre inaondoka baada ya maonyesho. Rubani ana saa chache mno kwenye aina ile ya ndege. Anainyanyua pua kupita kiasi, mabawa hayabebi, njia inamalizika. Ndege inavuka barabara na kuingia kwenye mgahawa wa aiskrimu uliojaa familia. Walikufa 22, wakiwemo watoto 12.

Reno, Nevada, tarehe 16 Septemba 2011. Mustang iliyofanyiwa mabadiliko ya mashindano, iko kwenye mwendo wa mbio. Kipande kidogo cha mkiani kikaanza kutetemeka, kikakatika. Ndege ikaruka juu kwa ghafla kiasi cha kumpotezea rubani fahamu, kisha ikaanguka mbele ya watazamaji. Walikufa rubani na watu 10. Wachunguzi walikuta skrubu za zamani zilizolegea. Skrubu, AbuKhamis.

Nchi hizo zina wakaguzi wa kazi hiyo maalumu, zina magari ya zimamoto yaliyojipanga, zina mstari ambao ndege haitakiwi kuuvuka kuelekea watu. Na bado. Baada ya Shoreham, Uingereza ilizizuia jeti za zamani zisifanye sarakasi juu ya nchi kavu. Sasa toka nje ya kiwanja chetu uangalie: Kiembesamaki, Kisauni, Tomondo. Nyumba kwa nyumba, skuli, misikiti, barabara yenye daladala mchana kutwa. Mstari huo tutauchora wapi?

AbuKhamis

Hapo kwenye mstari sina jibu. Lakini si wana viti vya kujirusha? Ndege ikileta matatizo rubani anaielekeza baharini na kutoka.

FundiWaKisauni

Kiti cha kujirusha ni mashine yenye baruti ndani yake. Baruti ina tarehe ya kuisha, mwavuli una tarehe, na vyote viwe vimekaguliwa na anayekijua kiti kile hasa. Kwa ndege za miaka ya 1950 na 1960, vipuri hivyo vinazidi kuwa adimu. Wamiliki wengine wamevifunga viti visifanye kazi kabisa, kwa kuogopa viripuke vyenyewe wakati wa matengenezo.

Na mfano tunao hapa hapa Afrika. Tarehe 14 Novemba 2009, maonyesho ya Overberg, Afrika Kusini. English Electric Lightning, jeti ya Kiingereza yenye injini mbili zilizopandana. Ndege ikapata hitilafu, mifumo ya haidroliki, yaani mafuta ya shinikizo yanayosukuma usukani, ikafa, na Lightning bila ya haidroliki haiongozeki. Rubani alijaribu kujirusha. Kifuniko cha chumba chake hakikutoka, na kisipotoka kiti hakiendi. Alikufa na ndege yake. Alikuwa mzoefu, na wenzake waliizoea ndege ile kuliko takriban mtu yeyote aliyebaki duniani.

Hata kiti kikifanya kazi, ndege isiyo na mtu haichagui pa kuangukia.

MwanaWete

Mzee wangu mmoja aliwahi kuhudumu jeshini zama za zile J-7 za Kichina, ndugu wa MiG-21. Alikuwa akisema rubani mmoja akiwa angani chini wapo watu chungu nzima kwa ajili yake: wa tairi, wa mwavuli, wa oksijeni, wa hali ya hewa, na mkubwa wake anayemwangalia akitua na kumwita pembeni baadaye. Fundi nadhani ndicho unachokisema.

FundiWaKisauni

Ndicho hasa. Ndege ile iliundwa iishi ndani ya jeshi. Ukiitoa humo ukampa mtu mmoja, umeichukua mashine na kuuacha mfumo uliokuwa ukiilinda.

Niongeze la kwetu, maana nimelishika kwa mikono. Chumvi. Fungua kifuniko cha chini ya bawa la ndege iliyokaa pwani bila ya kuoshwa, pitisha kidole pembeni ya mistari ya ribiti. Unatoka na unga mweupe. Hiyo ni aluminiamu inayoliwa. Rangi ya juu bado inang'ara, lakini ukiigonga pale kwa kitako cha bisibisi mlio unabadilika, na ukisukuma kidogo rangi inavimba kwa sababu chini yake chuma kimeshaachana tabaka kwa tabaka. Ndege za zama zile zilitumia pia vipande vya magnesi, na magnesi mbele ya maji ya chumvi haina subira hata kidogo. Mipira ya haidroliki ikikauka inapasuka nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka uikunje. Ndege mpya tunazikagua kwa vitabu vya mtengenezaji anayepokea simu. Kwa ndege ya mwaka 1944 hakuna wa kumpigia.

Na kunguru. Tangu waletwe hapa miaka ya 1890 wametuzidi. Ndege ya injini moja ikammeza kunguru mmoja au wawili pale inapoinua miguu, rubani ana sekunde chache za kuchagua baina ya mapaa na bahari.

BintiJangombe

Kwa hiyo jibu ni hapana moja kwa moja? Mdogo wangu anataka kuwa rubani, nilitaka siku moja aione ndege ya zamani kwa macho yake.

FundiWaKisauni

Aione, inshallah. Mwaka 2016 ulifanyika msafara wa ndege za zamani za mabawa mawili kutoka kisiwa cha Crete hadi Cape Town, na Zanzibar ilikuwemo kwenye njia waliyoipanga. Ndege kama Tiger Moth inatua polepole, ikikosea inaumiza wachache, na mtoto anaweza kuisogelea ikiwa imezimwa akaona waya na turubai kwa karibu. Hizo nazipigia debe kwa mikono miwili.

Za mbio, kama mtu ana pesa na anang'ang'ania, nina masharti. Zipite juu ya bahari tu, moja kwa moja, bila ya mizunguko. Zitokee na zirudi kiwanja cha bara chenye uwazi pande zote, Unguja zisitue isipokuwa kwa dharura. Rubani aonyeshe ameirusha ndege ile ile mwezi ule ule. Karatasi za kiti cha kujirusha zisomwe na mtu asiyelipwa na mwenye ndege.

AbuKhamis

Baharini mbele ya Forodhani saa za jioni kuna boti za abiria, ngalawa za wavuvi na watoto wanaopiga mbizi. Nani atawaondosha?

FundiWaKisauni

Hilo ndilo swali la kwanza la kumpelekea atakayekuja na barua ya maombi. Wenye jamaa bandarini Malindi, waulizeni njia ya boti inaweza kufungwa kwa muda gani, kisha tuletee jibu hapa hapa.